Samaki Asiyezama

Mvuvi waliyemwita Kifaru alikuwa amekaa mahabusu karibu wiki nzima, na muda wote huo alikula akashiba na kulala fofofo kama mtu aliye kwake. Hilo lilimkera Afande Rudia. Waliowahi kuua aliwajua. Wengi wao tonge huwakwama kooni.

Jina la Rudia alibandikwa na wenzake kituoni. Mtu akimaliza kujieleza, mwanamke huyo mfupi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, humwambia neno moja tu: "Rudia." Akirudia, huambiwa arudie tena. Kufikia mara ya tatu uongo huanza kulegea viungo.

"Rudia," alisema sasa.

"Afande, hata redio hubadilisha wimbo."

"Rudia habari ya maboya."

Kifaru alishusha pumzi. "Niliyakata, sikatai. Watu wa kituo cha utafiti wameshusha vyuma vyao kwenye mwamba, na juu wakafunga maboya. Wavu wangu umenasa pale mpaka nimechoka kushona. Nilimwendea yule mzamiaji wao kwa adabu, tukaelewana. Mwezi haukuisha, wavu ukachanika tena. Nikachukua kisu nikakata boya la mlango wa magharibi, pale mwamba unapoachana, na jingine la jirani yake. Boya ni plastiki, afande. Boya halina mama wa kulia."

"Na ukamwambia mzamiaji mbele za watu kwamba siku moja utamfunga jiwe."

"Nilisema. Huu mdomo ndio adui yangu, muulize mke wangu. Lakini mimi nikitaka kumwua mtu nitangulie kutangaza sokoni?"

"Siku aliyopotea ulikuwa wapi?"

"Kwenye gati la magharibi, nashona wavu. Asubuhi nzima. Si ndipo nilipomwona nahodha wao."

Kalamu ya Afande Rudia ilisimama. "Hilo hukulisema."

"Hukuliuliza. Uliniuliza kama nilimwona mzamiaji, nikasema sikumwona, na kweli sikumwona. Nahodha alikuwa peke yake ndani ya boti, anapakia mafundi wa mnara wa simu na vyuma vyao. Ana haraka kama mtu anayefukuzwa."

"Peke yake?"

"Peke yake na hao mafundi. Nikasema moyoni, leo boti ya utafiti imegeuka teksi."

"Jua lilikuwa wapi?"

Kifaru alinyoosha mkono nusu, kama anayeonyesha kimo cha mtoto. "Halijafika utosini. Chai ilikuwa bado haijashuka tumboni."

Afande Rudia alifunga faili akatoka bila kuaga.

Nje, kwenye korido, alisimama dirishani akayapanga maelezo ya nahodha kichwani. Nahodha alisema yeye na mzamiaji waliketi botini asubuhi nzima wakingoja mkondo utulie. Baada ya adhuhuri wakaenda mwamba wa mashariki. Huko mzamiaji akashuka, mapovu yakaonekana juu ya maji, kisha yakakatika. Nahodha akapiga redio. Boti zote zilizoweza kuelea zilikwenda mashariki, zikatafuta mpaka giza, na kesho yake tena. Hawakupata hata pezi moja la mpira.

Katika maelezo hayo hapakuwa na fundi hata mmoja.

Nahodha hakuwa mtu baki. Mke wa mzamiaji alikuwa dada yake mdogo, na ni yeye aliyemtafutia shemeji yake kazi ile. Tangu siku ya msiba kila alfajiri alikuwa akitoka na boti kutafuta, wakati wengine wote walishakata tamaa. Watu walimsifu. Hata Afande Rudia alimsifu.

Simu ililia mfukoni mwake. Alikuwa mkuu wa utafiti, mwanamke kijana ambaye kila mtu, pamoja na mlinzi wa geti, alimwita Dokta.

"Tumevitoa vipokezi majini, vile vyuma vya kwenye mwamba," alisema Dokta. "Ulisema nikuarifu. Sidhani vitakusaidia, lakini nimekuarifu."

*

Chumba cha kazi cha kituo cha utafiti kilinuka dawa ya kusafishia na mpira uliolowa. Juu ya meza ndefu ya bati vipokezi vilikuwa vimelazwa juu ya magazeti, virefu kama chupa, vimeota konokono na majani. Ukutani palibandikwa picha ya samaki mwenye mistari myekundu, mapezi yamechanika-chanika kama kitambaa cha pazia, na miiba mgongoni.

"Wavuvi wanamwita madoido," alisema Dokta. "Mwone anavyojiringa. Miiba hiyo ina sumu. Si samaki wa bahari hii. Amevamia, na hapa hana wa kumtisha. Anakula vitoto vya samaki wa kila aina mpaka mwamba unabaki mtupu. Tulitaka kujua mchana analala wapi na jioni anawinda wapi, ili watu wa mikuki wajue saa ya kumfuata."

"Mnajuaje?"

Dokta alichukua kitu kidogo cheusi, kama punje ya haragwe, akakiweka kwenye kiganja cha afande. "Sisi tunakiita kidonge. Tunamkamata samaki, tunampasua kidogo tumboni, tunakitia, tunamshona, tunamwachia. Kazi yote inafanyika huko huko chini, na aliyeiweza ni mzamiaji wetu tu. Kidonge kinatoa mlio mchana na usiku, na kila kimoja kina mlio wake, kama sauti ya mtu. Kinasema pia kiko kina gani. Hivi vipokezi vinasikia na kuhifadhi. Lakini haviwezi kutuambia chochote mpaka tuvitoe majini na kuvifungua."

Aligeuza kompyuta. Kwenye ramani ya mwamba palikuwa na vidoa vya rangi, vingine vimerundikana, vingine vimetawanyika.

"Mtazame huyu. Mchana kutwa yuko chini ya jiwe lake. Jua likianza kuzama anatoka, anazunguka ukingoni, anawinda. Alfajiri amerudi. Jiwe lile lile."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

"Kumbe waume wa namna hiyo wapo."

Dokta alitaka kucheka, mdomo ukamkatalia. Alijipangusa macho kwa mkono wa koti lake jeupe.

"Siku ile," alisema Afande Rudia, "mzamiaji alitoka na kidonge?"

"Kimoja. Nilikiwasha mwenyewe hapa mezani. Akakitia mfukoni mwa fulana yake ya kuzamia, akasema leo namfuata yule mkubwa wa mlango wa magharibi."

"Magharibi."

"Ndiyo. Nahodha anasema walibadilisha nia."

"Na kidonge hicho kimesikika wapi?"

"Hicho nilishakitazama." Dokta alibofya, vidoa vya manjano vikatokea, vimeandamana kama siafu. "Kimesikika magharibi, kuanzia asubuhi. Kwa hiyo nadhani walianzia huko, akamtia samaki kidonge, na nahodha kwa majonzi amesahau kutaja. Kisha samaki akaliwa. Madoido hatembei hivi mchana kweupe. Tukimwona anakwenda mbali namna hii, tunajua kidonge kiko tumboni mwa papa."

"Papa anakaa kina gani?"

"Anashuka, anapanda. Hatulii."

"Na huyu?"

Dokta aliinama kwenye kompyuta. Ramani alikuwa ameitazama. Safu ya kina hakuwa ameifungua. Aliifungua, akateremsha macho, akateremsha tena.

"Yuko juu," alisema polepole. "Asubuhi kuna kipande yuko chini, pale pale mlango wa magharibi. Halafu anapanda. Baada ya hapo yuko juu ya maji."

"Kwa muda gani?"

"Mchana kutwa."

"Ni samaki gani anakaa juu ya maji mchana kutwa?"

"Hakuna."

"Basi ni kitu gani?"

"Ni kitu kinachoelea," alisema Dokta.

"Fulana ya mzamiaji ikijazwa hewa inafanya nini?"

Dokta alivuta kiti, akakikosa, akakivuta tena, akakaa. Nje, mtu alikuwa akiosha mtungi wa hewa kwa mpira wa maji na kupiga mluzi.

"Tusikimbilie," alisema Afande Rudia. "Maiti nayo huelea. Nataka kujua kama hapa tunamtazama mtu au tunatazama mwili. Mwili huenda unakopelekwa na mkondo. Nionyeshe mkondo wa siku hiyo."

Dokta alileta jedwali la maji kupwa na kujaa. Walikaa bega kwa bega, afande akiuliza, mwingine akijibu kwa sauti inayopungua. Asubuhi maji yalikuwa yanatoka. Vidoa navyo vilitoka, mbali kabisa, karibu kuikosa ramani. Maji yakarudi, vidoa vikarudi. Mpaka hapo ilikuwa sawa na mwili. Lakini kwenye mlango wa magharibi mkondo uligawanyika, na mkubwa ukaelekea kusini. Vidoa havikuufuata. Viliukata mkondo kwa mshazari, vikarudishwa nyuma, vikaukata tena.

"Anaogelea," alisema Afande Rudia.

"Anaogelea," aliitikia Dokta.

"Kwenda wapi? Ufuko uko huku."

"Ufuko ni mbali. Angechoka kabla hajafika." Kidole cha Dokta kilitua mahali ambapo vidoa vilirundikana mpaka vikawa doa moja zito. "Hapa. Anakwenda hapa. Na hapa anashuka chini. Tazama kina, anashuka kisha anapanda. Anashuka tena."

"Mwili haushuki ukapanda. Hapo pana nini?"

"Kipokezi," alisema Dokta. "Kipokezi na boya. Boya kubwa jekundu, mtu anaweza kulikumbatia akapumzika siku nzima. Palikuwa na boya. Tulikuta limekatwa."

Afande Rudia alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, ingawa haikuwa na vumbi.

"Alikuwa anatafuta kamba," alisema Dokta. "Alidhani amekosea mahali, akashuka kuhakikisha. Halafu akabaki pale pale. Kakaa hapo alasiri yote. Unajua kwa nini? Kipokezi hiki alikifunga yeye mwenyewe. Alijua kidonge kiko mfukoni mwake. Alijua kwamba kinamsikia." Alikiondoa kidole kwenye lile doa. "Na alijua kwamba hatukisomi mpaka tukitoe majini."

"Wakati huo boti zilikuwa wapi?"

"Mashariki. Nahodha alikwisha piga redio."

"Wewe?"

"Mimi pia nilikuwa mashariki, na kipaza sauti. Nilimwita mpaka sauti ikanikauka."

Afande Rudia aliviangalia vidoa vya mwisho. Maji yalianza kutoka tena jioni. Safari hii vidoa havikuukata mkondo. Vilikwenda nao, vimenyooka, vikazidi kuachana, cha mwisho kikasikika jua likizama.

"Na baada ya hapo?"

"Bahari kuu," alisema Dokta. "Huko hatuna kitu kinachosikiliza."

*

Kifaru aliachiwa alasiri ile ile. Afande Rudia alimrudishia mkanda na kisu kilichokuwa ndani ya bahasha.

"Kwa hiyo mimi nimesafika," alisema Kifaru huku akijifunga mkanda. "Nilikwambia. Nimekata boya tu."

"Sheria imekuachia. Nenda nyumbani."

"Mbona unanitazama hivyo?"

Angemwambia. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Kisha akamwona anavyotabasamu, mtu anayekwenda kumkuta mke wake, akayarudisha. Siku zijazo yangemfikia yenyewe, mahakamani au mtaani, na hapo ndipo chakula kingemkwama.

Nahodha hakuhitaji kuitwa mara mbili. Alikuja na chumvi bado nyeupe mikononi, macho mekundu, mwembamba kuliko alivyokuwa wiki iliyopita. Dada yake alimfuata nyuma na kuketi kwenye benchi la korido, mkoba umelala mapajani.

Ndani ya chumba cha mahojiano palikuwa na meza, viti viwili, na feni iliyogoma kuzunguka.

"Pole na bahari," alisema Afande Rudia.

"Nimeshapoa, afande."

"Leo umetafuta upande gani?"

"Mashariki. Alipozama."

"Mlinzi wa gati anasema kila alfajiri boti yako inaelekea magharibi. Nimemuuliza mara tatu. Nimewauliza na wa zamu nyingine."

Nahodha alitazama feni.

"Mtu aliyezama mashariki," aliendelea afande, "shemeji yake anamtafutaje magharibi?"

"Mkondo hupeleka vitu mbali."

"Ni kweli. Niambie habari ya mafundi wa mnara."

Mabega ya nahodha yakashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo na kugundua kwamba hana nguvu ya kusimama bila huo mzigo.

"Walinikuta nina shida ya pesa, afande. Kazi ndogo, kuwavusha tu upande wa pili. Boti si yangu, ningekamatwa ningefukuzwa, lakini kila mtu anafanya. Shemeji akaniambia nenda, mimi huku chini nina kazi na yule samaki, utanikuta. Nikamshusha mlango wa magharibi, nikaenda. Wakati wa kurudi injini ikanisaliti. Mafuta yaliingia maji. Nikaifungua, nikaifunga, nikaifungua. Nilipofika pale, maji matupu."

"Ukafanya nini?"

"Nikazunguka, nikaita. Mtungi wake ulikuwa umeshakwisha zamani. Nikasema ameshazama. Nikasema basi, yamekwisha."

"Ndipo ukaenda mashariki."

"Watu wa gati la magharibi waliniona na mafundi. Ningesema amezama pale, wangeniuliza wewe ulikuwa wapi. Kumwacha mzamiaji majini peke yake, hakuna atakayekuajiri tena hata kuosha boti. Nina watoto. Na dada yangu angenitazama kwa jicho gani?" Alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. "Nikasema mtu keshakufa. Wamtafute mashariki, wamtafute magharibi, kwake yeye kuna tofauti gani?"

Afande Rudia alifungua bahasha, akatandaza karatasi ya ramani mezani. Vidoa vya manjano vilikuwa wazi hata kwa mtu asiyejua kusoma.

"Hii ni njia ya kidonge kilichokuwa mfukoni mwake," alisema. "Hapa umemshusha. Hapa anapanda juu, hakuoni. Mkondo unamchukua huku. Ndiyo maana hukumwona uliporudi. Alikuwa hai."

Nahodha aliinamia karatasi.

"Hapa maji yanamrudisha. Saa hizi wewe uko kwenye redio, unasema mashariki. Hapa anaogelea kuelekea kwenye kipokezi chake. Hapa boti zote zimejipanga mashariki. Yeye yuko hapa, anasubiri."

"Afande."

"Boti moja ingetosha."

"Afande, tafadhali." Kidole cha nahodha kilitembea juu ya karatasi mpaka kwenye kidoa cha mwisho. "Hii ilikuwa saa gani?"

"Jua linazama."

Alitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala neno. Askari wa mlangoni alichungulia. Afande Rudia alimpungia mkono aondoke.

Baadaye nahodha aliinua kichwa. Alizungumza kwa haraka, kama anayepatana bei na duka linafungwa. "Andika nilimwua. Andika tuligombana, nikampiga na nanga kichwani, akafa pale pale bila kujua. Nitasaini. Nifungeni maisha, ninyongeni, sawa. Lakini dada yangu asijue kwamba alikaa mpaka jioni. Hilo usimwambie."

"Siwezi."

"Yeye itamsaidia nini kujua?"

"Haitamsaidia chochote," alisema Afande Rudia. "Lakini sitaandika uongo mwingine juu ya wako."

Alimwacha na karatasi mbele yake, akatoka, akafunga mlango.

Mke wa mzamiaji alisimama mara tu alipomwona. "Afande, kaka yangu mmemaliza naye? Ameahidi kesho tutakwenda wote, tufike mbali zaidi. Tunataka tukaandae mafuta mapema, na chakula kidogo cha njiani. Nimsubiri?"

"Usimsubiri, dada."

Mwanamke alimkodolea macho. "Yupi?"

Afande Rudia alimshika mkono akamketisha, akaketi ubavuni mwake. Akamweleza kuanzia asubuhi, bila kupamba na bila kuruka, mafundi, injini, redio, kipokezi, boya. Mwanamke alisikiliza huku amekaza macho kwenye sakafu. Habari ilipofika jioni alipeleka mkono kifuani, akauacha hapo.

"Alikuwa anaita?" aliuliza mwishoni.

"Vyombo vile havisikii sauti ya mtu. Vilisikia kidonge tu."

"Kwa hiyo hatutajua."

"Hatutajua."

Alitikisa kichwa kama anayeambiwa basi la mwisho limeshaondoka. Akainuka, akautundika mkoba begani, akaenda mpaka kwenye mlango wa chumba alimokuwa kaka yake. Aliweka mkono kwenye kitasa. Ndani, nahodha alikuwa akilia kwa sauti, na sauti ile ilisikika korido nzima. Mwanamke alisimama hapo akiisikiliza. Kisha akautoa mkono wake kwenye kitasa, akatoka nje peke yake.